Filamu ya "Oasis" na kosa ambalo polisi hawakulijua

Ukiambiwa kuna filamu ya mapenzi ya Kikorea, kinachokujia haraka ni kile tulichozoea kukiona kwenye ving'amuzi vyetu: kijana wa familia ya kitajiri, binti wa hali ya chini, mama wa kijana na bahasha yake ya pesa, wapenzi wawili chini ya mwavuli mmoja. "Oasis" ya mwaka 2002, iliyoandikwa na kuongozwa na Lee Chang-dong, haimo kabisa katika kundi hilo. Mwanamume ametoka jela. Mwanamke ana mtindio wa ubongo, hawezi kutembea na huongea kwa taabu. Wamekutana kwa sababu mwanamume alifungwa kwa kumgonga kwa gari baba wa mwanamke na kumuua. Na siku ya kwanza wanapobaki wawili peke yao, mwanamume anajaribu kumbaka.

Wapo watazamaji wanaoizima hapo, na sina la kuwalaumu. Wanaovumilia hadi mwisho nao hawakubaliani. Wako wanaoihesabu kati ya hadithi kubwa za mapenzi zilizopata kutoka Korea Kusini, na wako wanaosema ni ukatili wa kingono uliopambwa ukaitwa mapenzi. Ubishi huu una zaidi ya miaka 20 na bado ni mbichi. Kwa maoni yangu hauishi kwa sababu kila upande una ushahidi, na ushahidi wenyewe umewekwa humo na mwongozaji kwa makusudi. Kuuona kunataka tuifuate hadithi mpaka mwisho, kwa hiyo asiyetaka kusimuliwa filamu kabla ya kuitazama aachie hapa.

Hong Jong-du, anayeigizwa na Sol Kyung-gu, anatoka jela katikati ya majira ya baridi akiwa na shati la kiangazi. Jambo moja la mwanzo analofanya ni kujitafutia kipande cha tofu, yaani maziwa ya soya yaliyogandishwa, na kukila kikavu. Wakorea wana desturi ya kumlisha tofu mtu anayetoka kifungoni, aanze upya akiwa mweupe kama hiyo tofu na asirudie tena. Kwa kawaida huletwa na ndugu waliokuja kumpokea. Jong-du hajapokewa na mtu. Familia imehama na haikumwambia ilikohamia, na inampata tu baada ya yeye kula hotelini bila pesa na kuishia kituo cha polisi.

Ni mtu wa kukera. Anavuta kamasi muda wote, anacheka pasipo na kichekesho, na ukimwonyesha uso wa kumfukuza haelewi. Rekodi yake ina makosa matatu: kupiga mtu, jaribio la kubaka, na kuua kwa gari na kukimbia. Hili la tatu tunakuja kugundua kwamba si lake. Aliyeshika usukani alikuwa kaka yake mkubwa. Jong-du alikubali kukibeba kifungo kwa kuwa kaka ana familia ya kulisha, na yeye jina lake lilikwisha kuchafuka. Wakakubali, akaenda, wakahama. Lakini hilo la pili kwenye rekodi halikanushwi na yeyote. Lee angeweza kuliacha, tukapata shujaa safi aliyeonewa. Hakuliacha.

Han Gong-ju anaigizwa na Moon So-ri. Mtindio wa ubongo hutokana na ubongo kudhurika kabla ya kuzaliwa, wakati wa kuzaliwa au muda mfupi baadaye, na kinachovurugika kwanza ni namna ubongo unavyoiamrisha misuli. Mikono inajikunja, shingo inapinda, ulimi hautii. Akili inaweza kuwa timamu kabisa, na ya Gong-ju ni timamu. Kuna jambo jingine ambalo madaktari na wazazi wa watoto wenye hali hii wanalijua vizuri: hofu na mhemko huzidisha ule mkazo. Kadiri anavyotaka sana kusema kitu ndivyo kinavyogoma kutoka. Msomaji alishike hilo, kwa sababu kila kitu mwishoni kinaangukia hapo.

Kaka yake na wifi yake wanahamia nyumba mpya ya ghorofa iliyotengwa kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na wameipata kwa jina lake. Yeye wanamwacha kwenye nyumba ya zamani iliyochakaa, jirani wakilipwa kidogo wamwangalie. Siku ya ukaguzi wanamchukua, wanamkalisha kwenye nyumba ambayo kwa karatasi ni yake, mkaguzi anaondoka ameridhika, na Gong-ju anarudishwa alikotolewa. Hao jirani nao, mke na mume, wanaingia chumbani kwake siku moja na kufanya mapenzi mbele ya macho yake. Hawajifichi, maana kwao hapo hapana mtu wa kufichwa.

Basi tuna familia mbili, na kila moja inaishi kwa mgongo wa mtu inayemwonea haya. Gereji ya kaka yake Jong-du ipo kwa sababu mdogo mtu alikwenda jela. Nyumba nzuri ya kaka yake Gong-ju ipo kwa sababu dada ni mlemavu. Hakuna katika hao anayeitwa mhalifu, na wala hawana sura ya wahalifu. Ni watu wa kawaida, wachovu, wenye madeni na watoto wa kusomesha. Sijaona filamu nyingi zinazoonyesha dhuluma ya ndani ya familia kwa utulivu kama huu.

Sasa ile siku ya kwanza. Jong-du anakwenda nyumbani kwa marehemu na kikapu cha matunda, kutoa pole kwa kifo ambacho hakukisababisha. Anafukuzwa. Siku nyingine anarudi, safari hii na maua, na Gong-ju yuko peke yake. Anaanza na maneno, anamsifu uso, kisha mikono inaanza. Gong-ju anapambana kwa kadiri mwili unavyomruhusu, mpaka anazimia. Jong-du anashikwa na hofu, anammwagia maji, anakimbia.

Kuna watetezi wa filamu wanaolipitisha tukio hili harakaharaka: hakujua alitendalo, yeye mwenyewe ni kama mtoto. Filamu haimpi udhuru huo. Anajua kukimbia, na mtu hakimbii asichokijua kuwa ni kosa. Kamera haigeuzwi pembeni na hakuna muziki wa kumwelekeza mtazamaji ahisi nini. Ni jaribio la kubaka, la pili katika maisha yake, dhidi ya mtu asiyeweza kukimbia wala kupiga kelele za kusikika.

Baada ya muda Gong-ju anampigia simu.

Fundo lote liko kwenye simu hiyo. Ukisema kwamba alikuwa ameyafurahia yale, umeipokea hoja ya wabakaji wa kila zama, na filamu uliyoitazama itakuwa nyingine, kwa sababu tumemwona akihangaika kujinasua. Ninavyoisoma mimi, jibu limo katika orodha ya watu wanaoingia na kutoka chumbani kwake. Kaka anaingia kuchukua saini ya maisha yake. Jirani wanaingia kuazima kitanda. Katika wote hao, aliyewahi kumkabili usoni na kusema naye kama na mwanamke mtu mzima ni mmoja tu, na ndiye aliyemvamia. Hilo halimsafishi Jong-du hata kidogo. Linatuambia jinsi dunia ya Gong-ju ilivyokuwa finyu, kiasi kwamba akitaka kuzungumza na mtu, namba iliyopo ni ya huyo. Na ona ni nani anayeamua safari hii: simu ni yake, saa ni yake, anayeitwa ndiye anayekuja.

Wanaharakati wa haki za wanawake wenye ulemavu nchini Korea hawakuridhishwa na maelezo ya namna hii, na hoja yao ni nzito. Wanawake wenye ulemavu hushambuliwa kweli, majumbani mwao, na watu wanaowafahamu. Hadithi inayoanzia kwenye shambulio na kuishia kwenye penzi, hata iwe imetungwa kwa ustadi gani, inaongeza sauti moja kwenye lile tetesi la kale kwamba mwanamke asiyetakwa na mtu atashukuru kwa lolote. Siwezi kuipangua hoja hiyo. Ninachoweza kusema ni kwamba Lee ameliweka tukio lile pale, wazi, ili tusilisahau saa ya hukumu itakapofika.

Penzi lenyewe, likishaanza, lina vichekesho kuliko unavyotegemea. Jina Gong-ju kwa Kikorea ni binti mfalme, kwa hiyo Jong-du anamwita kwa cheo cha ikulu, naye anaitwa Jenerali. Jong-du anajigamba kwamba ametoka katika ukoo wa Jenerali Hong Gyeong-rae. Gong-ju anamjibu kwamba huyo alikuwa mwasi. Yuko sahihi: Hong Gyeong-rae aliongoza uasi mkoani Pyeongan mwaka 1811, ukazimwa mwaka uliofuata. Mwanamke ambaye ndugu zake huzungumza juu yake kana kwamba hayupo, kumbe historia anaijua na utani anauweza. Jong-du anamwosha nywele, anamchukua matembezini kwa gari la mteja wa gereji bila ruhusa. Usiku Gong-ju huogopa kivuli cha matawi ya mti wa nje kinachocheza kwenye kitambaa cha ukutani, chenye picha ya mwanamke wa Kihindi, mtoto na ndama wa tembo na neno lile lililoipa filamu jina lake. Jong-du anamfanyia mazingaombwe ya kukifukuza.

Humo ndimo ilimo mbinu iliyozungumzwa zaidi. Filamu karibu yote imepigwa kwa kamera ya mkononi, picha inatikisika, mwanga ni ule uliopo chumbani, mtu anadhani anatazama habari. Kisha, katikati ya picha hiyohiyo, bila ukungu wala mlio wa kumwandaa mtazamaji, Gong-ju ananyooka. Ndani ya treni anamwona msichana akimpiga mpenzi wake kichwani kwa chupa tupu ya plastiki, kwa mzaha. Mara naye anainuka kitini, anamwendea Jong-du na kumfanyia vilevile. Halafu amerudi kwenye kitimwendo, mikono imejikunja, na treni inaendelea.

Kosa ambalo wakosoaji huliona hapa ni kwamba mwanamke huyu anakuwa huru pale tu anapofanana na asiye mlemavu, kana kwamba ndoto ya kila mlemavu ni kupona. Nakubali kwa nusu. Ile ndoto ya kucheza ngoma chumbani, na mwanamke wa kwenye kitambaa na tembo wake wakiwa wameshuka, naiona imetiwa sukari kupita kiasi. Ila ya kwenye treni siiachii. Haoti kukimbia mbio wala kucheza jukwaani. Anachokitamani ni kumpiga mtu chupa ya plastiki kichwani na mtu huyo acheke, basi.

Treni hizo zina habari yake nje ya filamu. Tarehe 22 Januari 2001, katika kituo cha Oido kwenye njia namba 4 inayohudumia eneo la Seoul, lifti ya kitimwendo ilianguka ikiwa imebeba wazee wawili, mke na mume, wenye ulemavu. Mke alifariki. Ajali hiyo iliwasha vuguvugu la watu wenye ulemavu kudai haki ya kusafiri, watu wakashuka relini na kujifunga minyororo kwenye mabasi. Sheria ya usafiri kwa wenye shida ya kutembea ilitangazwa rasmi mwaka 2005, na ile ya kupiga marufuku ubaguzi dhidi ya watu wenye ulemavu mwaka 2007. Bado kuanzia Desemba 2021 wanaharakati waliingia tena kwenye treni za Seoul saa za watu kwenda kazini, wakidai yaleyale. Jong-du anapomshusha Gong-ju kwenye kituo cha treni mwaka 2002, anampeleka mahali ambapo kwa watu kama yeye palikuwa uwanja wa mapambano. Filamu hailitaji hilo. Watazamaji wa Seoul hawakuhitaji kutajiwa.

Na juu ya ardhi mambo si tofauti. Mgahawa unakataa kuwahudumia. Jong-du anampeleka kwenye sherehe ya kuzaliwa ya mama yake, na ukoo mzima unaganda: ameleta mezani binti wa mtu waliyemuua. Wakati wa picha ya familia, kaka hataki Gong-ju awemo. Kwa juujuu ni ubaguzi wa ulemavu. Chini yake kuna hofu ya mtu mwenye hatia kukaa na ushahidi meza moja.

Hatimaye, usiku mmoja, Gong-ju anamwomba Jong-du alale naye. Mwombaji ni Gong-ju. Tunaliona hilo kwa urefu, kwa maumivu na furaha zake. Kaka na wifi wanaingia ghafla, makelele yanazuka, polisi wanaitwa.

Kituoni mambo yanakwenda haraka kwa sababu kila mtu ana jibu tayari. Kuna rekodi ya makosa matatu, kuna mwanamke anayetetemeka. Askari mmoja anamshangaa Jong-du waziwazi: imewezekanaje akamtamani mwanamke wa namna hii? Kauli hiyo inaeleza zaidi ya faili lote. Kinachomchukiza askari ni kule kumtamani. Kwake, mtu anayemtaka Gong-ju ni mgonjwa wa akili, kwa hiyo hapajaachwa nafasi hata ya kudhani kwamba huenda Gong-ju naye alimtaka.

Wakati huohuo kaka yake Gong-ju anaulizia pesa. Msomaji wa huku kwetu hahitaji kuelezwa kumalizana kifamilia ni nini, ila Korea ya wakati ule ilikuwa na mlango wa kisheria kwa jambo hilo. Kwa makosa mengi ya kingono, mashtaka yalitegemea malalamiko ya mwathirika. Pande mbili zikipatana kwa fedha na malalamiko yakaondolewa, kesi ilikufa. Utaratibu huo ulifutwa mwezi Juni 2013. Kwa hiyo mazungumzo yale ya kituoni si ubaya wa mtu mmoja aliyekosa haya. Ndivyo mambo yalivyomalizwa, na mwili wa dada, uliokwisha kuleta nyumba, sasa ungeweza kuleta na kitita.

Gong-ju anajaribu kusema. Mkazo unampanda, ulimi unafunga, sauti inatoka vipandevipande, na waliomzunguka wanasoma mateso yake kama ushahidi wa kubakwa. Anakigongesha kitimwendo chake kwenye kabati, tena na tena, wao wanazidi kumhurumia. Jong-du, mwenye ulimi mzima, hajitetei. Alinyamaza kwa ajili ya kaka yake, na sasa ananyamaza tena. Unaweza kusema amezoea kubeba. Mimi naona na jingine: anajua kwamba lile analoshtakiwa alikwisha kulijaribu, siku nyingine, kwa mwanamke huyuhuyu.

Kwa hiyo polisi wamekosea kuhusu usiku wa mwisho, na kuhusu siku ya kwanza hawana habari. Wamemkamata mtu kwa kosa ambalo kweli aliwahi kujaribu kulitenda, lakini tarehe siyo. Siri hiyo wanaijua watu watatu tu: yeye, Gong-ju, na wewe uliyekaa kwenye kiti. Ukiwa upande wao wakati wa mwisho, unapaswa kuwa upande wao huku ukijua yote. Ukiwa upande wa polisi, unapaswa kumnyamazisha Gong-ju ili uwe sahihi. Ndiyo maana siamini kwamba tukio la mwanzo ni uzembe wa mwandishi. Lingeondolewa, filamu ingekuwa rahisi mno: wapendanao wema, jamii mbaya, machozi, mwisho. Jong-du anafanikiwa kutoroka kidogo, mchungaji akiwa amekuja kumwombea, na anachokifanya na uhuru huo wa dakika chache ni kupanda ule mti wa nje kwa Gong-ju na kuanza kuyakata matawi. Polisi wako chini wanapiga kelele. Gong-ju, asiyeweza kumjibu kwa sauti, anaifungulia redio kwa nguvu zote.

Kwenye tamasha la filamu la Venice, Italia, mwaka 2002, Lee alipewa tuzo maalumu ya uongozaji na Moon So-ri akapata tuzo ya Marcello Mastroianni ya waigizaji chipukizi. Kabla ya sinema Lee alikuwa mwalimu wa shule na mwandishi wa riwaya, na pengine ndiyo sababu filamu zake hujengwa kwa mambo ambayo watu hawayasemi. Februari 2003 aliteuliwa Waziri wa Utamaduni na Utalii, akakaa hadi katikati ya 2004. Uigizaji wa Moon So-ri ni wa kutisha kwa ubora wake, na hapohapo pana ugumu: mwanamke mwenye mtindio wa ubongo hakupewa nafasi ya kuicheza nafsi yake. Zile ndoto za kunyooka ndizo zilizohitaji mwili wa Moon So-ri, na huenda ndizo zilizomfungia mlango mwigizaji mwenye ulemavu. Uamuzi wa kisanii na ule wa ajira umekuwa mmoja, na anayezipenda ndoto zile, kama mimi na ile ya chupa, ana sehemu katika gharama yake.

Tangu mwaka 2013 Korea ina utaratibu wa wasaidizi wa maelezo: watu waliofunzwa kukaa na mtoto au mtu mwenye ulemavu wakati wa mahojiano ya kesi za kingono, wakamsaidia aeleweke. Mweke msaidizi kama huyo kwenye kituo kile cha mwaka 2002, mwenye muda na subira, na kesi ya usiku wa mwisho haifiki hata asubuhi. Halafu msaidizi huyo, kwa kuwa ndiyo kazi yake, angemuuliza Gong-ju kama mtu huyu aliwahi kumfanyia jambo lolote kabla ya hapo.